Nilivyopima Mahindi kwa Meno Mpaka Taya Likakwama

Hakuna kitu kingenishangaza mimi. Nilikuwa nikisema hivyo kila mahali, na nilikuwa na haki ya kusema. Nilifika Nyamakima, soko la nafaka la Nairobi, nikiwa kijana ambaye hakumaliza darasa la saba. Nikafagia mahindi yaliyomwagika chini ya malori, nikayapepeta, nikayauza kwa mkebe. Leo nina stoo mbili za nafaka, nina ploti Dagoretti Corner yenye wapangaji orofa nne, na msichana wangu wa kwanza, Wangari, amesoma mpaka vyeti vikakosa ukuta. Nimeibiwa. Nimebomolewa kibanda mara mbili. Nimeuziwa mchanga ndani ya gunia la maharagwe na mtu tuliyekuwa tunasali naye. Nikasema basi, dunia haina jipya la kunionyesha. Kumbe kulikuwa na kitu kidogo hapa mbele ya sikio, hata jina lake sikujua, kikinisubiri.

Naandika haya kwa sababu nimepona, na kwa sababu najua kuna mtu mahali fulani anasikia taya likisema "ka" akipiga mwayo na anajiambia ni upepo. Mimi pia nilisema ni upepo.

Kwanza ujue kazi yangu. Sokoni sina jina lingine, naitwa Meno. Lori la mahindi likifika kutoka Kitale, wanunuzi wanalizunguka, kila mmoja na njia yake ya kujua kama mahindi yamekauka. Wengine wana mashine ndogo ya kupima unyevu. Wengine wanatia mkono ndani ya gunia wanasikiliza baridi. Mimi nachukua mbegu, naiweka kwenye gego, naipasua. Iliyokauka inapasuka mara moja na unga wake unakuwa mkavu ulimini. Yenye maji inabonyea kwanza halafu ndiyo inakatika. Kati ya hizo mbili kuna hatua nyingi, na mimi nilizijua zote. Wenye mashine walikuwa wakinifuata nithibitishe mashine zao. Madereva walijua nikisema "kavu," hakuna anayebishana. Nimefanya hivyo miaka yangu yote ya biashara, gunia kwa gunia, lori kwa lori, asubuhi mpaka saa za kufunga.

Na nyumbani sikupumzisha meno. Mfupa wa mbuzi sikuutupa kabla sijaufungua. Miwa nilimenya kwa meno. Mahindi ya kuchoma nilitaka yale yaliyokaa jikoni mpaka yakawa kama kokoto, na ukoko wa sufuria ulikuwa wangu, watoto walijua hivyo. Soda nilifungua kwa meno mbele ya wageni ili wacheke. Nilikuwa na meno kamili wakati rika langu linanunua ya bandia, na sikuficha.

Jino la kwanza kulalamika lilikuwa la kulia, nyuma. Chai ya moto lilikataa, maji baridi lilikataa. Sikwenda kwa daktari. Nilihamisha kazi yote upande wa kushoto, kama vile mtu anavyohamisha mzigo begani. Baada ya miezi kadhaa upande wa kushoto ukaanza kulia "ka" nikifungua mdomo, na "ka" nyingine nikifunga. Nilidhani ni sikio. Nikatia mafuta ya moto. Mke wangu, Mama Wangari, alisema nikila anausikia mlio huo hata akiwa jikoni na mimi sebuleni. Uso wangu pia ulibadilika, shavu la kushoto likajaa msuli, picha za harusi ya mpwa wangu zinaonyesha mtu aliyeficha andazi mdomoni.

Halafu nikafanya kosa ambalo ni mtu wa nafaka tu anaweza kulifanya. Nilijiambia taya limekaza kwa sababu limezoea mbegu ndogo, linataka kunyooshwa kwa kazi kubwa. Wiki nzima nikatembea na mfuko wa mahindi makavu yaliyokaangwa, natafuna barabarani, natafuna stoo, natafuna kanisani mchungaji akihubiri.

Mvua ndefu ilikuwa imeanza. Niliamka asubuhi, nikataka kupiga mwayo, na mdomo ukafika mahali ukasimama. Haukuuma sana. Ulisimama tu, kama droo iliyonaswa na kitu ndani. Nikasukuma kwa mkono. Nikaenda kwenye kioo. Kidole kimoja kiliingia kati ya meno ya juu na ya chini, cha pili kikakataa. Nikajaribu kumwita Mama Wangari, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayezungumza ndani ya chupa.

Wangari alinipeleka kliniki ya meno huko Kilimani, orofa ya juu ya jengo la vioo. Chumba cha kusubiri kilikuwa na viti vyeupe na televisheni isiyo na sauti, na bila utani, ilikuwa inaonyesha watu wakipika. Mbele yangu mtoto alikuwa analia, mdomo wazi mpaka unaona koo. Nilimwonea wivu yule mtoto. Mimi, mwenye orofa nne, nikamwonea wivu mtoto kwa kulia.

Daktari alikuwa dada wa umri wa Wangari. Aliniambia nisimamishe vidole vitatu nivitie mdomoni wima. Mtu mzima mwenye taya zima, alisema, vinaingia vyote vitatu. Nikamwonyesha changu kimoja. Akabonyeza mashavu, akasikiliza mbele ya masikio, kisha akauliza nakula nini kigumu kwa siku.

"Mahindi makavu," nikasema kupitia meno.

"Ya kuchemsha ama ya kuchoma?"

"Ya kupima."

Aliacha kuandika. Wangari akamweleza, na yule daktari akaniangalia kama mtu aliyepata kitu ambacho shuleni hakikutajwa. Nikamwambia kwamba nilivyolelewa, chakula kigumu ndicho kinaimarisha meno.

"Si uongo wote, mzee. Karoti, tufaha, njugu chache, hivyo ni vizuri, vinasafisha meno na kulipa taya mazoezi. Lakini wewe huli. Unasaga. Jino lako la kulia lina ufa mpaka chini, na hiki kiungo cha kushoto umekifanyisha kazi ya pande mbili."

Hayo mengine ya ndani aliyoyachora kwenye karatasi nimeyasahau. Nilichokisikia ni mpango. Jino litavalishwa kofia. Nitavaa kipande cha plastiki juu ya meno mchana na usiku, nikitoa tu wakati wa kula. Nitafanya mazoezi. Nitakula laini. Ikishindikana wataingia kwenye kiungo kwa sindano, wakioshe. Na sindano ikishindwa, watapasua hapa mbele ya sikio, mahali ambapo mishipa ya uso inapita, na hawezi kuniahidi kwamba nitaamka na uso uleule niliolala nao.

"Na mahindi?" nikauliza.

"Hata mbegu moja, mzee. Hata ya mwisho."

Hapo ndipo kifungo kilipoanza. Mtu anaweza kufungwa jela akaongea na wenzake, akacheka, akapiga mwayo. Mimi nilifungiwa ndani ya kichwa changu mwenyewe. Kucheka kulikuwa kunavuta. Kupiga chafya niliogopa. Mswaki wa kawaida haukupita, ikabidi nitumie wa mtoto. Usiku nililala chali, kipande cha plastiki mdomoni, mate yakijaa, nikiogopa kwamba nikitapika nitakufa na meno yangu yakiwa yamefunga mlango.

Mama Wangari alinunua blenda. Mungu ambariki, alisaga kila kitu. Githeri, ile mahindi na maharagwe, akasaga. Sukuma wiki akasaga. Siku ya kuzaliwa kwangu alichinja jogoo, akampika na nazi kidogo na dania, halafu akamsaga, akaniletea kwenye kikombe cha chai. Nikanywa kuku. Aliketi nami mpaka nikamaliza, akipangusa kidevu changu kwa kanga.

Lakini nilikuwa nakula chumbani. Sikutaka watoto wasikie ninavyofyonza. Suruali zikaanza kunianguka. Sokoni walianza kuniangalia kwa upole, na ukiona watu wa Nyamakima wanakuangalia kwa upole ujue wameshakuzika. Akina mama wa kanisa walikuja kuniombea, na mmoja akaomba dhidi ya ugonjwa ambao hakuutaja jina.

Jioni moja nilimwandikia mke wangu kwa simu, kwa sababu kuongea kulikuwa kumechosha, kwamba nyumba imekuwa kimya kama matanga. Yeye alikuwa amekaa hapo hapo kitandani. Alisoma, akaiweka simu kando.

"Nisamehe nikisema hivi, Baba Wangari. Tangu unyamaze, watoto wanakaa sebuleni, hawakimbii tena vyumbani mwao."



Baridi ya Julai ikaja. Wenye ugonjwa huu wanaijua. Taya linakaza zaidi asubuhi, unaweka kitambaa cha maji moto shavuni unasubiri damu ikumbuke njia. Nilikuwa naenda Kilimani kila wiki kwa mama wa mazoezi ya taya, na huko ndiko nilikompata Mzee Kanti.

Mzee Kanti ni Mhindi wa Kitisuru, alikuwa na duka la vitambaa mjini kabla ya kuwaachia watoto. Yeye aliharibiwa na supari, ile mbegu ngumu ambayo alitafuna tangu ujana. Nyama ya ndani ya mashavu yake ilikuwa imekaza kama ngozi ya ngoma, na mdomo wake ulifunguka kidogo kuliko wangu. Tulifanya zoezi moja: vijiti vya mbao, kama vile vya barafu za watoto, unavipanga kimoja juu ya kingine unavisukuma kati ya meno, unavishikilia hapo machozi yakitoka. Ukizoea unaongeza kimoja. Tulikuwa tunaketi pamoja kwenye viti vyeupe, wazee wawili wenye vijiti mdomoni, watu wakipita wanatazama kando.

Alikuwa mtu wa maneno, hata kupitia tundu lile.

"Bwana Mahindi," aliniambia, "wewe una bahati. Yako ni bawaba. Yangu ni ukuta."

Nikamuuliza kama daktari alimwambia aache supari mapema.

"Aliniambia mapema sana. Nikaacha ile ya mchana."

Tulicheka wote wawili, ile ya kutikisa mabega tu. Lakini nilirudi nyumbani na hilo jibu likanikaa, kwa sababu siku hiyo hiyo asubuhi nilikuwa nimesimama stoo, mbegu moja mkononi, naizungusha.

Vijiti viliongezeka. Septemba vidole viwili viliingia, si kwa urahisi, lakini viliingia. Nikala ndizi nzima. Nikala wali. Daktari akasema tukiendelea hivi hatutahitaji sindano, sembuse kisu. Nikamwambia Wangari ampigie mama yake simu apike ugali laini, na nilikula mezani, sebuleni, na watoto hawakuondoka.

Oktoba mahindi mapya yakaanza kushuka kutoka Kitale, na mvua fupi ikayakuta njiani. Huo ndio msimu mbaya zaidi kununua na ndio wenye faida, ukijua kuchagua. Kirui, dalali ambaye nimefanya naye kazi miaka mingi, alileta lori la kwanza. Wanunuzi walikuwa wamelizunguka. Mimi nilisimama nyuma na plastiki yangu mdomoni, na nilikuwa nimeamua, naapa, kutazama tu.

"Meno yuko wapi?" Kirui akauliza kutoka juu ya magunia. Mtu akamwambia niko nyuma, lakini siku hizi napimiwa. "Ah, niliskia. Naskia mzee anakunywa githeri kwa mrija."

Walicheka. Hawakucheka vibaya, ni kicheko cha soko. Na Kirui akaongeza kwa heshima, na heshima ndiyo iliyoniua, "Wacha mzee apumzike. Leteni ile mashine."

Nikatoa plastiki nikaitia mfukoni. Watu wakanipisha. Nikachukua mbegu katikati ya gunia, nikaiweka upande wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na kofia mpya, nikauma.

Ilibonyea. Kabla ya kitu kingine chochote nilijua: maji, maji mengi, mahindi haya yanafaa kuanikwa wiki mbili. Na palepale kitu mbele ya sikio kikaruka kutoka mahali pake, na msuli wote wa shavu ukajikunja kama mguu unavyojikunja usiku. Meno yakafunga juu ya ile mbegu. Hata kuitema sikuweza.

"Iko aje, Meno?" Kirui akauliza.

Ningeweza kunung'unika kupitia meno. Ningeweza kutikisa kichwa. Lakini nikitikisa kichwa watauliza maji kiasi gani, Kirui atateta, mimi nitatakiwa kuteta, na wote watasikia ile sauti ya chupani na kuona mate. Nilisimama hapo na jibu liko kwenye ulimi, na ulimi uko nyuma ya ukuta. Macho yalikuwa yanajaa maji. Nilitaka kitu kimoja tu, waondoke.

Nikainua dole gumba.

"Si nilisema," Kirui akawaambia wengine. "Mashine ya nini?" Wakaanza kushusha. Lori zima kwenye stoo yangu, nami nimeegemea nguzo mkono shavuni kama mtu anayewaza faida.

Mama Wangari alikuja na teksi. Alinikuta nimekaa juu ya gunia, akaona kile kipande cha plastiki kinachungulia mfukoni, akaelewa kila kitu. Hakunigombeza. Alilia njia nzima kutoka mjini mpaka Kilimani, akiangalia dirishani. Ningetoa ploti nipate kumwambia neno moja.

Daktari hakusema "nilikuambia." Alitoa mbegu kwa kibano, akaiweka kwenye kisahani, akaitazama. Kidole hakikuingia hata kimoja. Akasema sasa ni sindano, na akasema tena habari ya kisu, polepole, akimwangalia mke wangu badala ya kuniangalia mimi.

Nilisubiri nafasi ya chumba cha upasuaji zaidi ya wiki mbili. Nilikuwa nyumbani, nakunywa, na mvua inanyesha, na stoo yangu inachemka. Mahindi mabichi yakifungiwa yanatoa joto, ukiweka mkono kwenye gunia unadhani kuna mtu amelala ndani. Nilimwandikia Wangari ayaanike, lakini yaanikwe wapi, jua halikuwepo. Yakaanza kunuka. Yakaota ukungu wa kijani.

Waliingia kwa sindano mbili, wakaosha kile kiungo kwa maji ya dawa. Niliamka nikijipapasa uso, nikaomba kioo kwa mkono. Uso ulikuwa wangu. Daktari akanifungua mdomo mwenyewe, kwa mikono yake, na nikasikia kile kitu kikirudi ndani kwa mlio mdogo. Nililia. Mama Wangari aliniangalia ninavyolia na mdomo wazi, akasema, "Endelea tu."

Nilikuwa bado na bandeji nilipoenda stoo. Mtu wa chakula cha kuku kutoka barabara ya Naivasha alikuwa ananisubiri. Alikuwa ameshayaona yale mahindi. Alitaka kuchukua yote, bei ya kutupa lakini bei, asage na pumba na dagaa.

"Sumu hiyo," nikamwambia. Lilikuwa neno langu la kwanza sokoni kwa wiki nyingi, na lilitoka vizuri.

"Mzee, hii inaliwa na kuku. Kuku hawasemi."

Nilimwangalia yule mtu. Alikuwa amebeba pesa kweli, alinionyesha. Nikafikiria mayai, na wanaokula mayai. Nikafikiria pia lile dole gumba.

"Wewe rudi kwako," nikasema. "Hii hainunuliwi."

Nililipa lori likabebe magunia yote, nikapanda mbele na dereva, nikasimama mpaka gunia la mwisho likafukiwa shimoni. Kirui alisikia, akaniambia nimepata wazimu, ningemrudishia palepale siku ile angeelewa. Nikamwambia siku ile sikuweza kufungua mdomo. Akanishika bega. 

Wewe ambaye taya lako linalia, nenda mapema. Usitie mafuta sikioni na usilipe kazi ngumu eti linyooke. Kata matufaha vipande vidogo, karoti ipike kidogo, mifupa waachie mbwa. Tafuna pande zote mbili. Vijiti vinaumiza na vinafaa, fanya hata siku usiyotaka. Na mwambie mke wako ukweli mapema, kwa sababu ndiye atakayekuwa mdomo wako. Mzee Kanti bado anaenda Kilimani, wamempasua mashavu mara moja, na mara ya mwisho tulipoketi pamoja aliweza kunitukana vizuri kuliko zamani.

Januari, jua kali, niliketi kwenye kile kiti nikasimamisha vidole vitatu nikavitia mdomoni. Viliingia. Daktari akapiga picha. Siumi tena mbegu, na mwenye kusema Meno amekwisha na aseme, bado Nyamakima nzima hakuna mtu mwingine aliyenunua lori bichi akalizika lote kwa pesa yake. Daktari, kofia ya jino, plastiki, mazoezi, sindano, mahindi na shimo lake: kupata vidole vitatu kumenigharimu shilingi laki sita, elfu arobaini na saba, mia nne na hamsini.